Rahisi kwa Miguu ya Nani?

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla hasira haijanivunjia nyumba.

Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu ni mpenzi wa baiskeli, wenzake wa kila Jumapili wanamwita Bingwa na jina hilo limemkaa kichwani. Mwaka huu alituandalia likizo ya baiskeli, yeye, mimi na binti yetu wa miaka tisa, safari isiyo na kiongozi, kampuni inakukodishia baiskeli na kukupa ramani, halafu mnajitegemea, kila jioni mnalala nyumba nyingine ya wageni. Nikamwambia, mwenzangu, mimi baiskeli yangu ni ya kwenda kununua uzi, na mtoto juzijuzi tu ndiyo amezoea breki, kweli tutaweza? Akajibu kwamba njia ni tambarare kama meza yangu ya kukatia vitambaa, hata bibi kizee angeipita akiimba. Nikaamini, maana yeye ndiye mjuzi.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili tukakutana na mlima, mshauri, si kilima, ni mlima, changarawe tupu, mizigo nyuma, jua la utosi, mtoto anasukuma baiskeli huku machozi yanamtoka kimyakimya, na baba yake katangulia anatungoja kivulini, tukimfikia tu anapanda na kuondoka, kwa hiyo yeye anapumzika na sisi hatupumziki. Nikasema turudi. Akasema tukirudi tutakosa vyumba, na mbele ni kuteremka tu. Kweli ilikuwa kuteremka. Vidole vya mtoto vilikuwa vimechoka kubana breki, kona imejaa kokoto, nikapiga ukelele, nikamwona anarushwa juu ya usukani. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Dereva wa lori la maziwa ndiye aliyetuhurumia akatupeleka hospitali.

Haya, ajali haina kinga, ningesamehe. Lakini tuliporudi aliwaambia ndugu zake kuwa mtoto alianguka kwa sababu nilimshtua kwa makelele yangu, na wifi yangu akaja kumwona mgonjwa akaishia kunipa mawaidha mimi. Nikameza. Wiki iliyopita rafiki yake kinyozi, mmoja wa wale wa Jumapili, akaniletea suruali nimpunguzie, akamwona mtoto mkono uko kwenye kombeo, nikamsimulia. Akashika kichwa. "Shemeji, mliupanda ule mlima na mtoto? Sisi mwaka jana tulishuka wote tukasukuma. Bingwa mwenyewe alitapika."

Alijua, mshauri. Nilipomkabili hakukana, alisema aliogopa ningekataa, na alitaka familia yake ipende anachokipenda. Sasa amepanga safari nyingine, anadai hii ndiyo rahisi kweli, na kama naogopa nibaki, ataenda na mtoto. Na mtoto ameniambia, "Mama, safari hii usipopiga kelele sitaanguka, eti?" Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Niondoke au ninyamaze?

Mke wa Bingwa

JIBU

Mama, hasira yako ina haki yake, mtu asikuambie ni kisirani. Aliyetapika mlimani kisha akamwambia mkewe njia ni tambarare hakukosea kupima. Alidanganya, na uongo wake ukamwangukia mtoto, kisha lawama akakutwika wewe.

Lakini na wewe nikuseme. Mteja akikwambia "nishonee, mimi mwembamba," unakata kitambaa kwa maneno yake au unachukua futi umpime? Mbona ulikubali kukatiwa safari kwa mzaha wa bibi kizee? Njia hupimwa kwa miguu ya aliye dhaifu kuliko wote. Ungewapigia simu wenye kukodisha baiskeli ukauliza milima iko wapi, ni lami au changarawe, malori yanapita, na mkichoka katikati nani atawafuata. Na mtoto alipolia, ungegeuza baiskeli bila kuomba ruhusa. Vyumba vingepotea, vipotee.

Usiondoke, na usinyamaze. Leo hii mume wako akae mbele ya mtoto aseme kwa kinywa chake: njia ilikuwa ngumu, nilijua, nikaficha, mama hakukuangusha. Asiseme "tulikosea". Aseme "nilikosea". Kisha ampigie dada yake simu wewe ukiwepo, ayarudie hayohayo. Hilo ndilo la kwanza, kwa sababu mfupa daktari ameufunga, ila uongo aliobebeshwa huyo mtoto hakuna wa kuufungua isipokuwa baba yake.

Safari mpya ifutwe. Akigoma, mtoto hatoki naye na baiskeli, na hapo usilegeze hata kidogo. Daktari akiruhusu, na mtoto akitaka mwenyewe, anzeni na asubuhi moja karibu na nyumbani, mizigo yenu ikiwa juu ya baiskeli, mtoto akiwa mbele anaamua mwendo na wapi pa kupumzika, Bingwa nyuma ya wote. Mkirudi mtajua mnachoweza.

Na mtoto akisema hataki tena baiskeli, basi hataki. Baba yake atanuna. Mwache anune, kununa hakujawahi kumvunja mtu mfupa.