Fremu ya Nyamweya Imezidi Kimo

Kisii, Alhamisi, Mei 1974. Mvua tangu alfajiri, imekatika saa tatu.

Fremu ya baiskeli imezidi kimo kwa vidole vitatu. Amesema hivyo fundi mwenyewe, Mokaya wa Ekerenyo, leo saa tano asubuhi, mbele yangu na mbele ya shemeji yangu Nyamweya, ambaye aliuza mtamba ili atengenezewe.

Nyamweya ni ndugu ya mke wangu. Anakaa Nyansiongo, na kila asubuhi hukusanya maziwa ya nyumba sita na kuyapeleka kwa baiskeli hadi kituoni, ambako lori hupita saa mbili. Lori halimngoji mtu. Fremu yake ya dukani ilipasuka shingoni mara mbili, na mara ya pili mitungi yote miwili ilikuwa imejaa. Maziwa ya watu yakaishia mtaroni.

Tangu siku hiyo anatumia baiskeli ya kuazima, na mwenye baiskeli hiyo anaitaka Jumapili. Wenye maziwa wamesema wazi kwamba Jumatatu asipofika na baiskeli yake, kazi inakwenda kwa jirani mwenye punda wawili.

Kwa hiyo swali la kama fremu ya kuagiza kwa fundi inastahili bei yake si la mazungumzo ya hotelini. Kwa bei ya mtamba ule angepata fremu mbili za dukani, na chenji juu. Mke wangu aliniuliza kwa nini sikumzuia. Nilimjibu kwamba fremu mbili zinazopasuka si bora kuliko moja isiyopasuka. Bado naamini hivyo, ila leo asubuhi nilikaribia kuacha kuamini.

Mokaya hatengenezi baiskeli ya kupendeza. Mabomba yake ni manene, maungio anayachomelea kwa gesi na kuyaongezea vipande vya chuma kwa ndani, na keria ya nyuma haifungwi kwa skrubu bali ni sehemu ya fremu yenyewe. Kabla ya kukata chochote anauliza utabeba nini na utapita mlima gani. Kisha anapima miguu yako. Mtu mwenye mzigo mzito nyuma akisimama mlimani lazima nyayo zote mbili zifike chini. Zisipofika, gurudumu la mbele linainuka na yeye anaanguka pamoja na mzigo.

Kipimo ndicho kilichoharibika.

Mokaya ni binamu ya marehemu baba yake Nyamweya. Kwa desturi yetu huyo ni baba, na kati ya baba na mwana kuna heshima isiyovukwa. Baba hawezi kuinama mbele ya mwana na kumpima kutoka mapajani hadi chini. Siku ya kupimwa, kwa hiyo, Mokaya alimpa Nyamweya fimbo na kipande cha makaa, akageuka akatazama ukuta. Nyamweya akajipima mwenyewe, akatia alama, akairudisha fimbo. Hakuna aliyeona lolote la ajabu. Hata mimi ningefanya hivyohivyo.

Sasa sehemu yangu. Siku hiyo Nyamweya alipitia kwangu mjini kwanza. Alikuwa na akala zake za matairi, na nikaona si vizuri mtu aliyeuza mtamba aende kwa baba yake amevaa vile. Nikamwazima viatu vyangu vipya vya soli nene, vile ambavyo kila karani wa hapa mjini anavyo mwaka huu, pamoja na suruali yangu ya miguu mipana. Suruali ilifunika viatu mpaka chini. Fundi, hata kama angegeuka, asingeviona.

Miaka yote hii nawaambia vijana wa ofisini wahakikishe kipimo kabla ya kukiandika. Mimi ndiye niliyekiharibu hiki.

Leo Nyamweya alikuja na akala. Mokaya alikuwa ameitia fremu magurudumu yake ya kujaribia, na Nyamweya akaipanda, mguu huku na mguu huku. Bomba la juu lilimbana, naye akasimama kwa ncha za vidole. Mokaya aliona, akatazama barabarani. Mimi ni mkwe hapo, nikatazama viatu vyangu, na viatu ndivyo vilivyonipa jibu.

Aliyesema ni Nyanya Moraa, anayeuza ndizi kando ya karakana. Yeye ni wa kizazi cha bibi yake Nyamweya, na bibi na mjukuu hutaniana bila mpaka.

"Mume wangu mdogo," alimwambia, "ulipimwa ukiwa mrefu. Nani amekukata miguu?"

"Nyanya, niache."

"Nikuache uende wapi? Hata kushuka huwezi!"

Wanawake wa ndizi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilieleza habari ya viatu, wazi na kwa ufupi. Mokaya alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe," akasema, "wewe si ndiye unayeandika magazetini?"

Nikakubali.

"Haya."

Nafikiri ilitosha.

Kisha Nyanya Moraa akasimama, akapangusa mikono. "Lete hiyo fimbo. Mimi sina aibu na mume wangu. Wewe, vua hayo matairi." Nyamweya akasimama miguu mitupu kwenye matope, naye akampima mara tatu, huku akimwambia asimame kama mwanamume na si kama mwari. Mokaya alikuwa ametazama ukuta. Fimbo mpya ilipowekwa karibu na ya zamani, tofauti ilikuwa vidole vitatu kamili. Ndipo fundi akatamka yale niliyoyaandika mwanzoni.

Atalikata bomba la juu na kulishusha. Anasema uchomeleaji wa pili hautaidhoofisha fremu, kwa kuwa bomba ni nene. Nilimwuliza kama ana hakika. Alichukua nyundo akaligonga ungio mara mbili, akaniuliza kama fremu ya dukani ingeweza kukatwa na kuungwa upya. Najua haiwezi, ile ya Nyamweya ilijaribiwa, na ndiyo iliyomwaga maziwa.

Kwangu mimi, ninayebeba daftari na koti la mvua, fremu ya namna hii ingekuwa ufahari mtupu. Kwa Nyamweya ndiyo kazi yenyewe. Hilo ndilo jibu langu kwa leo, na siliandiki kwa wino mzito, kwa sababu fremu bado haijabeba hata kikombe.

Mokaya ni Msabato, na kesho jua likizama ataweka vyombo chini hadi Jumamosi jioni. Ameahidi kumaliza kesho saa tisa. Nyamweya analala Ekerenyo ili awepo, na maziwa ya kesho yatapelekwa na yule jirani mwenye punda. Jumapili atahamisha magurudumu na mnyororo kutoka fremu iliyopasuka.

Nimeomba ruhusa ya asubuhi ya Jumatatu. Saa mbili kasorobo nitakuwa kituoni Nyansiongo, kabla ya lori.