Kabla Hujasimama Jumamosi

Chicago, Februari 9

Dada yangu mpendwa Earlene,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai goti limepoa na kwamba Tavaris na mkewe hawajambo huko Memphis. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku unaijua, haina adabu.

Nakuandikia mapema kwa sababu Jumamosi ijayo utasimama kutoa ushuhuda mbele ya akina mama wa chama chetu hapa Chicago, na kuna jambo lazima ulisome kabla hujapanda basi.

Tangu niache kazi ya ustawi wa jamii sijajuta hata siku moja. Miaka kumi na moja niliingia nyumba za watu, nikafungua friji zao, nikajaza fomu. Sasa naingia na blanketi. Jumanne iliyopita mama mmoja kijana, Keyonna, alitupigia akilia kwamba mkaguzi wa watoto yuko mlangoni, na oveni yake iko wazi kupasha chumba joto maana mwenye nyumba hajatengeneza boila. Bi Odell, mwenyekiti wetu, alifika na rola zake za nywele kichwani, akamwuliza mkaguzi kama ana amri ya hakimu. Hana. Basi mwanangu, akamwambia, karudi ofisini ukaandike kwamba watoto hawa wamekosa joto, hawajakosa mama. Na ukimwona mwenye nyumba, mwambie namtafuta, na asijifiche! Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kufikia mchana hita mbili zilikuwa zinawaka.

Wapo wanaouliza watoto watalindwa na nani idara ile ya ustawi ikifungwa kama tunavyodai. Najibu kwamba hata mtoto anayepigwa sisi tunamjua kwa jina, na shangazi wa kumpokea tunamjua pia. Sina shaka tena.

Lakini nilipoiona oveni ya Keyonna, niliikumbuka yako.

Dada, umesema Jumamosi utamtaja Bi Claudine wa ghorofa ya tatu kuwa ndiye aliyepiga simu idarani, Tavaris akachukuliwa akiwa na miaka minne. Umemchukia miaka ishirini na sita. Hata mazishi yake hukwenda. Si yeye. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shuleni kulikuwa na bango lenye namba ya simu, limeandikwa msaada kwa familia. Nilimkuta Tavaris amelala na koti mbele ya oveni yako, nikaipiga namba ile, nikidhani wataleta hita. Wakaja wakaguzi wawili, wakaondoka naye kwa miezi kumi na minne. Ulinililia begani, nami nikanyamaza kwa woga. Nisamehe.

Jumamosi sema kweli yote, na jina langu ulitaje. Nitakaa safu ya mbele.

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyomwandikia Tavaris kumwambia haya, nayo sikuifunga. Isome kwanza. Wewe ndiye mama yake. Wewe uamue kama atapewa.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Mungu akufikishe salama.

Mdogo wako akupendaye,
Lavonne