Bunduki ya Kiswidi Kabatini mwa Ingrid

Jumatatu, 3 Machi 2025
Basi limechelewa kituoni Perry Barr, tena. Nimefika kazini Sutton Coldfield saa tatu na robo. Nimemwogesha Ingrid, mzee ninayemtunza nyumbani kwake, nikampa uji wa oti na dawa za presha. Ana miaka themanini na minane na bado ananikosoa nikikunja taulo vibaya. Leo ameniomba nimtolee koti la marehemu mumewe kabatini. Nyuma ya makoti, bunduki. Ndefu, ya jeshi. Anasema ilikuwa ya babu yake, aliileta kutoka Uswidi alipoolewa. Nimefunga kabati.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma kwenye simu. Bunduki za jeshi la Uswidi, risasi zake bado zinauzwa. Ukiwa nayo bila leseni, jela. Ingrid hana leseni. Na mimi ombi langu la ukaazi halijajibiwa. Nimemwambia lazima tupigie polisi. Akaanza kulia.
"Wataiponda," akasema. "Sina kitu kingine cha kwetu."
Ameomba siku mbili. Nimempa. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepiga picha kila alama, bunduki ikiwa palepale kabatini. Ubavuni kuna taji dogo, na herufi C. Kwenye bamba la kitako, namba na herufi za kikosi. Lakini haifanani na zile za kwenye simu. Zile zina komeo la kuvuta kwa mkono. Hii nyuma ina kipande kinene cha chuma kinachoangukia nyuma kama kifuniko. Na mdomo wa mtutu ni mpana. Ncha ya kidole changu cha mwisho imeingia. Kwa zile za simu hata kalamu haiingii.
Kwa hiyo si ile. Ni ipi basi?

Ijumaa, 7 Machi
Siku yangu ya mapumziko. Nimeenda na picha kwa fundi bunduki mmoja mzee mjini. Amezitazama muda mrefu, mimi nikitazama viatu vyangu.
"Hii ni nyanya yao hizo ulizosoma," akasema.
Ya karne ya kumi na tisa. Risasi zake ziliachwa kutengenezwa zamani. Ikikaa kama pambo tu, sheria haidai leseni. Lakini yeye si polisi, akasema, waulizeni wenyewe. Nimetoka nikanunua chipsi, nikala nimesimama kwenye baridi. Sijala hivyo wiki nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Tumepiga simu. Ingrid amenishika mkono mpaka mwisho. Atakuja askari Jumatano.
Jioni mwanawe, Peter, amenipigia kutoka Leeds. Amefoka. Nani alinituma kumwita polisi nyumbani kwa mamake? Atazungumza na ofisi iliyoniajiri, asema. Nimelia chooni kwa Ingrid, maji ya bomba yakimwagika asinisikie. Nina hasira. Zaidi ya hasira, naogopa.

Jumatano, 12 Machi
Askari ni mwanamke, mpole, wa rika langu. Amepima mdomo wa mtutu. Ameangalia taji, bamba, kile kifuniko. Akauliza kama kuna risasi popote nyumbani. Hakuna. Akaandika, akaandika tena.
"Ni kitu cha kale," akasema. "Kaa nayo, mama. Usitafute tu risasi za kutia humo."
Nimeketi kwenye ngazi. Ingrid amecheka mpaka meno ya bandia yakalegea.
Peter amepiga tena. Amesema pole, halafu asante, kwa sauti ndogo. Ofisini hakuenda. Imetosha.

Jumapili, 16 Machi
Zamu ya asubuhi. Jua, ajabu. Peter alikuja jana akaitundika bunduki sebuleni. Fundi bunduki, niliyemwachia picha, amenijibu kuhusu zile herufi za bamba: kikosi cha mkoa wa kwao Ingrid. Nimemsomea mara mbili. Kisha akaniuliza, "Na babu yako wewe, alikuwa nani?"
Miaka sita niko mji huu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nimevuta kiti, nikamwambia: Mwakio, fundi seremala wa kwetu Wundanyi, mpenda kubishana, aliyenifundisha kusoma kwa Biblia iliyokosa Mwanzo. Chai ikapoa. Hakuna aliyejali.
Kwenye basi nimesinzia nikapitishwa kituo. Nimerudi kwa miguu, polepole.