Shosho anataka nishtaki baiskeli iliyomgonga, na ni yangu

Anti Syokau, niaje. Najua hapo kwa gazeti wewe huandikiwa na watu wanalia lakini mimi silii, nataka tu unisaidie kufikiria, kichwa yangu iko sawa, ni mambo ndiyo imekuwa mengi, na kabla uanze kuniuliza nilisoma mpaka wapi, nilifika Form Two nikaona walimu hawana jipya.

Mimi ni kijana wa baiskeli ya stima hapa Satellite. Kama hujaziona, ni hizi zimeingia juzi kutoka Uchina, zinauzwa River Road kwa duka ya Kibe, ziko na betri chini ya kiti na mota kwa gurudumu ya nyuma, unazungusha mkono inaenda, hakuna moshi, hakuna petroli, hakuna kelele. Mimi ndiyo nilileta ya kwanza huu mtaa na saa hii tuko genge mzima, na wote wamefunzwa na mimi. Nachaji kwa kinyozi ya Oloo, ako na jenereta, na hata wakati wa mgao wa stima sikulala njaa, wengine walikuwa wanasukuma baiskeli kama wanapeleka ng'ombe sokoni na mimi napita. Asubuhi nabeba watu wa ofisi mpaka Upper Hill, magari imekwama Ngong Road, wenye magari wananiangalia na dirisha, na mtu wangu anashuka kwa mlango wa benki viatu bado zinang'aa.

Sasa utamu wa hii kitu, Anti, ni kwamba sheria haijaijua. Pikipiki iko na namba, iko na bima, dereva anaitishwa laisensi. Baiskeli haina hayo maneno. Na yangu ni baiskeli, iko na pedali. Sawa, pedali nimezitoa ndiyo abiria apate pa kuweka miguu, lakini nazibeba kwa mfuko na spana, na nikiona polisi mbele nashuka, nazifunga, halafu napita nikikanyaga polepole kama mzee wa kanisa. Siku moja afande alinisimamisha.

"Hii ni pikipiki ama ni baiskeli?"

"Afande, umeisikia ikinguruma?"

"Sijasikia."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ni baiskeli."

Akaizunguka akitafuta mahali moshi hutokea, akakosa, akaniambia niende kabla hajakumbuka kifungu cha sheria cha kunishika. Hiyo stori imeenda mpaka Kawangware.

Lakini wazee wa mtaa wameamka. Chifu ameitisha baraza Jumamosi, D.O. mwenyewe, mkubwa wa chifu, anakuja kuchukua maoni, wanataka hizi baiskeli ziwekwe namba, ziwe na honi na bima, na dereva awe na laisensi, na mpaka hiyo sheria ije zisiingie kwa vichochoro za mtaa. Maboi wa genge wakaniambia, "Wewe ndiye uko na mdomo, utatusemea." Na maneno ninayo tayari. Nitawaambia mkiweka namba kwa baiskeli leo, kesho mtaweka kwa mkokoteni, na kesho kutwa kwa kiti cha magurudumu ya mgonjwa. Watacheka, na mtu akishacheka umemshinda.

Sasa shida ndiyo hii. Kuna msichana, tumwite Nyakio, si jina lake, anafanya kazi ya mapokezi kwa ofisi moja Upper Hill, alianza kama abiria na saa hii si abiria. Amelelewa na shosho yake, nyanya mzaa mama, tumwite Shosho Waithera, na huyo shosho alikuwa hanitaki, alikuwa ananiita "yule wa kutambaa," sababu nafika bila kusikika. Wiki chache zimepita, shosho alikuwa anatoka kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, anatembea katikati ya njia vile wao hutembea, kama barabara ilijengwa na sadaka yao, na mimi nikatoka kona nikiangalia simu kidogo, kidogo tu, Anti, Nyakio alikuwa amenitumia meseji. Nikamgonga kutoka nyuma. Hakusikia kitu. Alianguka na mkono, mkono ukavunjika, na mimi na baiskeli tukaingia ndani ya ua wa kayaba, ule wa miiba mirefu.

Watu wakakuja mbio. Nilikuwa nishatoka kwa ua, nimeacha baiskeli huko ndani, nimepiga magoti kando yake, na mtu akauliza ni nani amefanya hivi. Mdomo ukajibu kabla yangu. Nikasema, "Ni kijana wa baiskeli ya stima, ametoroka na hiyo upande." Mwingine akauliza, "Ulishika namba?" Nikasema, "Hizo vitu hazina namba." Na wote wakatingisha kichwa wakasema kweli, hazina.

Nikaita teksi, nikampeleka hospitali mimi mwenyewe. Nilimbebea mkoba. Ndani ya teksi, na mkono umevimba hivyo, aliona mwiba umeniingia kwa shingo, akautoa na mkono ule mzima, akaufunga kwa kitambaa chake bila kusema kitu. Huyo mama ana roho safi sana. Tangu hiyo siku nimekuwa mtoto wa hiyo nyumba. Napewa chai, napewa kiti cha mgeni, na kila nikitaka kutoka ananishika mkono na ule wa plasta, anasema, "Kijana wangu, tufungie na maombi. Muombee yule alinigonga, Mungu amguse roho." Na mimi naomba, Anti. Naomba vizuri, hata Nyakio alisema hakujua niko na maneno ya rohoni.

Juzi akaniambia, "Jumamosi utanishika mkono mpaka kwa baraza. Utasimama kando yangu, uambie D.O. vile uliona."

Sasa mimi ni mmoja na pande ni mbili. Nikisemea maboi, shosho atanifukuza na Nyakio atamfuata. Nikisemea shosho, maboi wataniita msaliti, na namba zikija mimi ndiye wa kwanza kufinywa, sababu hiyo laisensi nilishajaribu mtihani wake mara moja, ile ya kusukuma vigari vya kuchezea juu ya ubao umechorwa barabara, na yule afande hakunipenda sura. Nataka unitungie maneno ya kuridhisha wote wawili. Na usiniambie eti niseme ukweli, hiyo hata pasta angeniambia bure.

Ni mimi, Mwenye Mota, Satellite.

ANTI SYOKAU ANAJIBU

Mwenye Mota, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika zaidi. Umenipa sifa zako ukurasa mzima kabla sijasikia kwamba kuna mama amevunjika mkono. Halafu unanichagulia jibu. Mgonjwa haendi kwa daktari akamwambia sindano sitaki, nipe peremende.

Nianze na hiyo sheria, kwa sababu unajiona wakili. Unabisha kwamba baiskeli za stima zisiwekwe namba. Ulishajijibu mwenyewe, ukiwa umepiga magoti kando ya mama wa watu. Mtu aliuliza namba, ukasema hazina, ukapona. Hiyo ndiyo hoja yote, na wazee wa Satellite hawataleta nyingine nzuri kuliko hiyo. Namba haiwekwi kwa sababu ya moshi wala petroli. Inawekwa ili aliyeangushwa ajue ni nani wa kumwendea. Mkokoteni unaotaka kuwachekesha watu nao sijawahi kusikia umemgonga mtu ukatoroka, na mgonjwa wa kiti cha magurudumu hatoi pedali akiwa peke yake na kuzirudisha akiona polisi.

Sisemi mtozwe kama lori, wala mfukuzwe vichochoroni. Chombo chenyewe ni kizuri. Hakichafui hewa, na wafanyakazi wanafika kazini. Serikali ikileta masharti ya kuwakamua tu, nitaandika hapa hapa kuwatetea. Lakini namba, honi, taa, bima ya abiria na dereva aliyefunzwa, hayo si kukamuliwa. Wewe unayapinga kwa sababu ulianguka mtihani, na badala ya kurudi kusoma ukaona afadhali mtaa mzima ukose sheria. Afande hakukataa sura yako. Uligonga kigari.

Sasa Shosho Waithera. Wewe unafikiri umemdanganya. Kijana, nani aliyekuambia mpita njia huchomwa na kayaba shingoni? Mama yule ameishi na ua wa kayaba tangu kabla hujazaliwa, anajua mwiba wake kama anavyojua chumvi. Aliutoa, akaufunga kwa kitambaa, akanyamaza. Nyumba yake ina wajukuu, kanisa lake lina pasta na wazee, lakini ni wewe peke yako unayeombeshwa, na ombi ni lile lile. Ninaweza kukosea, ila nimekaa na akina mama wa kanisa miaka mingi. Wakijua kosa lako hawakuulizi. Wanakupa chai, wanakupa kiti, wanakupa nafasi ya kufungua mdomo, na wewe kila ukipewa unaitumia kujisifu mbele ya Mungu. Jumamosi ndiyo nafasi ya mwisho. Ukisimama pale umwambie D.O. uongo huku umemshika mkono, atakurekebisha yeye mwenyewe mbele ya watu wote, na hapo hakuna wa kukusemea.

Utafanya hivi. Mchukue mama yako, au mjomba, au mtu mzima yeyote wa kwenu, kwa sababu kosa kama hili kijana haendi nalo peke yake kana kwamba anaenda kuomba chumvi. Nendeni kwa Shosho Waithera leo. Usikalie kiti cha mgeni. Simama, sema, "Shosho, ni mimi niliyekugonga," kisha unyamaze. Usianze habari ya simu, wala njia aliyokuwa akitembea katikati yake. Nyakio awepo asikie kwako. Akikuacha, amekuacha akiwa na sababu, na hutamlaumu mtu. Kutoka hapo nendeni kituo cha polisi mkaandikishe ajali. Halafu waambie hao vijana wenzako watafute msemaji mwingine, na uwaeleze kwa nini. Wakikuita msaliti, waulize ni nani kati yao angependa shosho yake agongwe na asiyejulikana.

Na usingoje Jumamosi. Ulibadilisha majina ukaona umejificha, lakini Satellite ina shosho wangapi wenye plasta, ambao mjukuu wao anakaa mapokezi Upper Hill na ana mchumba wa baiskeli ya stima? Uliniandikia upate kusomwa, na leo ni Ijumaa, gazeti liko mtaani tangu alfajiri. Wengine wameshafika mstari huu kabla yako. Nyakio pia husoma akiwa kazini. Uache huo ukurasa, uende.