Picha ya Juu ya Mwamba

Kwa kaka yangu Ambakisye,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, siyo kwa sababu moyo umetulia. Mama hajambo? Miguu yake inaendeleaje na hiyo baridi ya Ibaba? Safari hii nijibu ukweli. Simu zako naziona, sipokei. Nikisikia sauti yako nitalia tu, na nina maneno nataka uyasome mpaka mwisho.

Nikueleze ile Jumamosi, maana wewe uliimaliza na watu, mimi niliimaliza na mawe.

Anneli, mwenzangu wa kazini kwenye nyumba ya wazee, alinionea huruma kwamba tangu nifike huku kaskazini mwa Ufini sijaona kitu zaidi ya vitanda na mabeseni. Akanipeleka porini kuangalia miamba ya granaiti. Tulitembea tangu asubuhi, misonobari mitupu, mbu wa kukutoa machozi, na penye matope wametandika mbao ili watu wapite. Huoni nyumba wala ng'ombe. Halafu juu ya kilima unakuta mawe makubwa yamepandana kama viazi vya lumbesa vilivyozidi mdomo wa gunia, unajiuliza kwa nini hayaporomoki.

Nikapanda. Nilifurahi, kaka, sitasema uongo. Anneli akanipiga picha nimenyoosha mikono, nacheka meno yote nje. Kule juu mtandao unashika, nikaituma kwenye grupu la familia na kuandika, "Mwonyesheni baba, aone mwanawe alipofika." Shangazi akajibu, "Umependeza mwanangu." Wewe ukaweka dole gumba.

Majira haya saa zetu na zenu ni sawa. Nikiwa bado nimekaa juu ya jiwe nikafungua stetasi za watu, nikakuta ya binti wa jirani yetu. Jeneza. Mama ameshikiliwa na wanawake wawili. Wewe una chepe mkononi, umevaa sweta la kijani nililomtumia baba. Chini ameandika, "Pumzika babu yetu," na jina la baba.

Anneli alidhani naogopa kushuka, akanishika koti. Nikamwambia baba yangu amefariki. Akaniuliza, "Lini?" Nikaanza kuhesabu siku. Alhamisi nilipopiga uliniambia ametoka kidogo kwa jirani, simu amekuachia wewe. Hiyo Alhamisi alikuwa hai? Mpaka leo sijui.

Jioni ndiyo ukanitumia sauti: "Mdogo wangu, tuliona tusikuchanganye. Upo peke yako huko, ungejidhuru nani angekushika?" Najua ndivyo tunavyofanya kwetu. Aliye mbali haambiwi habari ya kifo. Anaambiwa mzee amezidiwa, apande gari, msiba aukute nyumbani akiwa mikononi mwa watu. Lakini hiyo ni ya mtu anayetoka Mkwajuni au Tunduma, ambaye jioni amefika. Mimi mlinificha ili nifike wapi? Mngeweka simu karibu na jeneza nikasema neno moja, mngepungukiwa nini? Hapa kila siku nawaogesha baba za watu, nawakata kucha, nawalisha uji. Wangu hata kumuaga mmeninyima. Nimeumia, na nina hasira na wewe kuliko na wote.

Nina ombi moja, nalo si la kupelekwa kwenye kikao. Kaburi msilijengee. Nawajua, saruji mmeshaanza kuizungumzia. Likizo yangu ni Desemba. Liacheni lilivyo, nije nimwekee baba udongo wangu kwa mkono wangu. Nikikuta saruji, sitaingia ndani. Nitageuza na gari hilo hilo lililonileta.

Shangazi msalimie, mwambie ile picha aifute kwenye simu yake. Shemeji na wanao wape salamu, wao sina ugomvi nao. Mama usimsomee barua hii. Mwambie nimeandika kwamba nakula vizuri, nalala, na sina kinyongo na mtu. Mengine mfiche. Kuficha unajua.

Mdogo wako,
Sekela