Baba Anataka Kupika Nanasi la Mama, Nami Nimemdanganya Miezi Mitano

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu, naomba msaada wako na ukiweza unijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, maana siku hiyo uongo wangu utaanikwa mbele ya familia nzima, na uongo wenyewe ukiusikia huenda ukacheka, lakini mimi mwenzako umeninyima raha wiki ya pili sasa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nashona mapazia nyumbani, na tangu mama yetu afariki miaka miwili iliyopita naishi na baba. Baba alikuwa fundi wa feni na majokofu kwa miaka thelathini na nane, wale mafundi wa kutega sikio kwenye mota na kukuambia ugonjwa wake kabla hata hajashika bisibisi, ila sasa macho yamemwishia, anaona mwanga na vivuli basi, kwa hiyo kutwa anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, redio pajani, na mimi nikiwa kwenye cherehani yeye ndiye ananiambia, "Mama, hiyo inataka mafuta," na kweli nikiangalia nakuta imekauka.

Sasa utotoni mwetu, Jumapili alasiri, sare za shule zikishafuliwa na kuanikwa, mama alikuwa anatupikia nanasi. Alikata mviringo mviringo, akatoa moyo wake, akaweka siagi na sukari kwenye sufuria nzito na kusubiri, na sisi tukisubiri naye, kwa sababu alisema nanasi haliingii mpaka sukari ilie, na kweli ilikuwa inalia, chiii, ndipo analaza vipande na kunyunyiza mdalasini na dirisha lote la jikoni linaingia ukungu. Tuliliita nanasi la kulia, na wageni walidhani ni lazima liliwe kwa mkono wa kulia, nasi hatukuwasahihisha, tulikaa tunawatazama wanavyobadilisha mkono huku tukibana mbavu kwa kicheko. Baba akirudi na mikono ya grisi alifukuzwa, "Nenda kanawe tena, hiyo ni ngozi au ni tope?" na alinawa mara mbili, mara tatu, akarudi akinyoosha mikono akaguliwe pamoja na watoto. Aliyekuwa anaumwa wiki hiyo alipewa kipande kilichoiva zaidi. Mama alimpakulia baba, kisha sisi, kisha mgeni kama yupo, na yeye alibaki amesimama jikoni akikwangua sufuria kwa kijiko, ukimwambia njoo ukae anasema, "Kuleni, mimi napenda ukoko." Mshauri, ile sauti ya kijiko kwenye sufuria ninaisikia hata sasa ninavyoandika, na ninalia, samahani kama karatasi ina madoa.

Baba alipohamia kwangu hakuwa anakula vizuri, na miezi mitano iliyopita nikasema nimpikie nanasi la mama. Sufuria ninayo, mimi ndiye niliyeirithi, ila kitako chake kimevimba na haitulii juu ya jiko. Mara ya kwanza sukari iliungua ikawa lami. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nilizima jiko nikaketi sakafuni. Ndipo mume wangu akaniambia si ujaribu kwenye hii mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto, hii eafraya, tuliyokuwa tunaitumia kwa viazi tu, nikajaribu kwa hasira, nikapaka vipande siagi, sukari ya kahawia, mdalasini na chembe ya chumvi, nikafunga, dakika kumi na mbili, na nilipovuta kile kikapu, mshauri, ilikuwa ni jikoni kwetu. Harufu ile ile. Pembeni pameungua kidogo, katikati panang'aa. Kule kwenye kiti baba alizima redio. Akauliza, "Umepikia kwenye sufuria ya mama yako?"

Nikasema ndiyo baba.

Sijui kwa nini. Na uongo ukizaliwa unataka kulishwa, kwa hiyo ili aamini nilichukua sufuria tupu nikaikwangua kwa kijiko, krr krr, mtu mzima na akili zangu, na kila Jumapili kwa miezi mitano nimekuwa nikifanya hivyo, mashine inapika, mimi nakwangua hewa. Baba akawa anakula na kusimulia habari za zamani na kucheka, nikajiona nimefanya jambo jema.

Wiki mbili zilizopita alimaliza sahani yake, akaishika pajani, akasema polepole, "Mama yenu hakuwahi kulipata hivi."

Mshauri, nilihisi nimechomwa. Yaani mama aliyesimama kwenye moshi miaka yote ile ameshindwa na mashine ya plastiki, tena kwa mdomo wa mume wake! Nilikwenda bafuni nikafungulia maji nisisikike. Tangu siku hiyo sijapika tena, namwambia mananasi hayajaiva, namwambia nina oda ya mapazia ya hoteli. Sasa Jumatano baba ameniambia, "Jumamosi dada yako akija na watoto, nitalipika mimi. We nishike mkono tu nisijichome." Na dada yangu mkubwa ni mtu wa kusema mashine zinaua chakula, na nilimwapia kwamba napikia sufuria ya mama, na mdomo wake unaujua ukimsikia mara moja tu. Nimefikiria nimsimamishe baba jikoni na sufuria ya kweli nimwombee Mungu, au niseme gesi imeisha. Nikimwambia ukweli nitamnyang'anya mama mara ya pili. Nisipomwambia ninaendelea kumtukana mama kila Jumapili. Nifanye nini?

Wako,
Fundi Mapazia

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Mapazia, pole kwa msiba, miaka miwili ni jana tu. Nimekucheka pale kwenye kukwangua hewa, sikufichi, halafu nimesoma tena nikatafuta leso. Ila sasa futa machozi tuzungumze, kwa sababu una makosa mawili, na moja linaweza kumuunguza mtu.

Naanza na hilo. Unataka kumsimamisha mzee asiyeona mbele ya sukari inayochemka, kwenye sufuria isiyotulia, eti uongo wako upone? Hebu jisikie! Sukari ya moto ikikushika haibanduki, inaondoka na ngozi. Wewe mwenyewe mwenye macho imekushinda mara tatu. Hilo la kumwombea Mungu lifute, na la gesi pia, maana mtaishiwa gesi kila Jumamosi mpaka lini?

Pili. Baba yako anasikia cherehani yako ikitaka mafuta. Amelala na kuamka na mota za feni kwa miaka thelathini na nane. Na wewe unaniambia mashine yenye feni tumboni imevuma dakika kumi na mbili, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake, Jumapili baada ya Jumapili, naye hajui? Mwanangu, nadhani baba yako anaijua mashine hiyo kuliko wewe, na pengine anajua hata skrubu gani imelegea. Alikuuliza mara moja, ukajibu, akakuachia. Aliona jibu hilo lina faida kwako. Mzazi hufanya hivyo, na wewe una watoto, usiniambie hujawahi.

Sasa nije kwenye neno lililokupeleka bafuni. Nimelisoma mara tano. Kama umemnukuu sawasawa, baba hakusema mama yenu hakuwahi kulipatia. Alisema hakuwahi kulipata. Wewe umesikia kwamba mama alishindwa kupika. Soma barua yako mwenyewe. Nani alikuwa anapakuliwa? Baba, watoto, mgeni. Nani alikuwa amesimama jikoni na kijiko? Wewe ndiye umeniandikia, mimi sikuwepo. Mama yako hakuwahi kulipata hivi, yaani amekaa, likiwa moto, limeletwa na mtu mwingine mpaka mkononi. Alipata ukoko, na mimi sijaona mwanamke anayependa ukoko kiasi hicho.

Naweza kuwa nimekosea, mimi nasoma barua tu, simsikii mzee. Lakini mtu anayetaka kumsuta mkewe marehemu hasemi polepole, ameshika sahani tupu pajani. Huyo alikuwa anajilaumu, binti. Alikula miaka yote hiyo bila kuuliza nani hajala, na amelitambua akiwa hana tena macho wala mke. Ndiyo maana anataka kupika. Wewe umekaa unalinda heshima ya sufuria, na mwenzako ana jambo zito kuliko hilo.

Fanya hivi. Usingoje Jumamosi. Leo, ukimpelekea chai, kaa karibu naye, si jikoni, na useme, "Baba, nanasi nilipikia kwenye mashine, na nilikudanganya." Basi. Usimpe hotuba, usilie kwanza ili akuonee huruma. Halafu muulize, "Uliposema mama hakuwahi kulipata hivi, ulikuwa na maana gani?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huku utakuona kugumu kuliko kukiri, lakini vumilia, hata akikaa kimya mpaka chai ipoe.

Dada yako mwambie kwa simu kabla hajafika, tena mwambie wewe. Akianza mambo yake ya mashine zinaua chakula, mwambie baba ndiye mpishi, malalamiko yapelekwe kwake.

Kupika, apikie kwenye mashine. Hiyo ndiyo salama yake, moto umefungiwa ndani. Wewe ni mshonaji, huna uhaba wa vifungo: gundisha kimoja pembeni ya swichi ya joto na kimoja pembeni ya swichi ya dakika, apapase mwenyewe ajue wapi pa kusimamisha. Kata nanasi wewe, lakini kupaka siagi, kunyunyiza sukari na mdalasini mwachie, na akimwaga, amwage, meza inafutika. Vipande vipangwe kwenye bati dogo linaloingia kwenye kikapu, sukari isidondoke chini ikafuka moshi. Dakika sita, geuza wewe, sita tena. Kuvuta kikapu ni kazi yako, na vipoe dakika tano kabla ya mtu kugusa, hata hao wajukuu wakilia kuliko sukari ya mama yako.

Sufuria iweke mezani, usiifiche. Haijashindwa na mtu.

Na mwisho, hili ni agizo, si ushauri. Baba akianza kupakua, utataka kunyanyuka umsaidie. Utasema wewe hujasikia njaa, apewe kwanza dada, wapewe watoto, utajishughulisha na vikombe. Nakujua, kwa sababu umelelewa na mama yule, na nina hakika miezi mitano hii hujakaa hata mara moja ukala kipande kizima. Jumamosi usinyanyuke. Mama yako hawezi tena kupakuliwa na mzee huyu, wewe unaweza. Kaa chini, ipokee sahani kwa mikono miwili, na ule nanasi lingali moto.