Sahani Inayotangulia

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Marahaba, mama. Huku Sudi tu wazima, alhamdulillahi. Mjomba wako ameezeka jiko upya, na mikorosho imeanza kutoa maua. Harufu yake inanifuata hadi chumbani ninapoandika.

Unauliza katika barua yako, huko ugenini, ulikosea wapi. Pilau ya Idi umeipika kama nilivyokufundisha, harufu ikatoka ile ile, kisha ukakaa nayo mezani peke yako ikakushinda kumeza.

Nilipoolewa Rutamba, Idi yangu ya kwanza nilipika wali kwa tui la korosho, maana nazi sikupata. Nikaufunika kwa kawa, nikakaa mlangoni kungoja sahani za majirani, kama kwetu pwani. Nikasikia vicheko nyumba ya tatu na masinia yakigongana, mbali, kama ndotoni. Hakuja mtu. Machozi yakanitoka.

Mama mkwe akafunua kawa, akacheka. "Mwanangu, wanakungoja wewe. Hapa mgeni ndiye anayetanguliza sahani."

Nikapeleka tatu. Kabla ya adhana ya alasiri zilikuwa zimerudi, hata moja haikurudi tupu: muhogo, paja la kuku, ufuta wa kukaanga. Wali wenyewe uliisha kabla sijaonja, na hata hivyo ladha yake ninayo mdomoni mpaka leo.

Pilau yako haina kosa. Yule bibi wa mlango wa pili uliyeniandikia habari zake, usiyemjua hata jina, Idi ijayo mgongee wewe. Akikawia kurudisha sahani, usiifuate. Iache imlete.

Akuombeaye kila swala,
Bibi yako Somoe